Adhabu Pekee Haimponyi Mraibu

Heroini, ambayo pwani huitwa "unga", hapa Bujumbura hujulikana kama "boost". Anayeitumia hubandikwa jina la teja, nalo ni tusi. Neno linalofaa ni mraibu, maana uraibu ni ugonjwa. Akiikosa hupatwa na arosto: maumivu ya mwili, kutapika, kuhara na kukosa usingizi, ndipo huirudia. Kwa hiyo kanuni ya chuo inayomfukuza tu humwondoa darasani bila kumtibu. Kanuni bora hukataza ulevi, tena humwelekeza mgonjwa kwenye ushauri na matibabu. Kwa mwanafunzi anayeishi Ngagara si mbali: mtaa jirani wa Kamenge una hospitali ya magonjwa ya akili tangu 1981. Ndugu msomaji, mwenzako akizidiwa usimcheke, msindikize.