Mbwa wa getini: Kuosha chombo mara saba hakuondoi kichaa

Tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kuhamia Dodoma, mji huu umetanuka kwa kasi. Kule Nzuguni, Ihumwa na Mtumba nyumba zimeota palipokuwa na mashamba, na penye nyumba mpya, jalala na bucha hapakosi mbwa wasio na mwenyewe. Mmoja hutokea getini, watoto wakamrushia tonge la ugali, kesho akarudi. Baada ya mwezi anabweka usiku na wezi wanapita mbali. Lakini muulize mwenye nyumba, atakwambia: "Huyu si wetu, anakaa tu hapo."

Jibu hilo ndilo lenye hatari. Mbwa huyo analishwa kiasi cha kutoondoka, ila hana mtu wa kumpeleka kwenye chanjo. Wengi hulisema kwa haya, wakidhani Muislamu kuonekana na mbwa ni aibu. Basi tuitazame hukumu yenyewe.

Mtume (s.a.w.) amekataza kufuga mbwa bila haja, na akabainisha kuwa anayefanya hivyo hupungukiwa thawabu kila siku. Aliowatoa katika katazo hilo ni mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba. Imam An-Nawawi, katika wanazuoni wa madhehebu ya Shafii tunayoyafuata wengi wetu, ameona kuwa sahihi zaidi ni kuruhusu pia mbwa wa kulinda nyumba, kwa kiasi cha hao watatu. Vilevile hadithi sahihi imekataza thamani ya mbwa. Kwa hiyo mwenye haja ya mlinzi, kumchukua mbwa aliyetupwa, au kuomba mtoto wa mbwa kwa jirani Mgogo anayefuga ng'ombe, ni salama zaidi kwa dini yake kuliko kununua mbwa wa kizungu kwa mamia ya maelfu.

Ukishamchukua, ni wako. Mjengee kibanda nje, mbali na mlango, jiko na mahali pa kuswalia. Awe na chombo chake cha chakula na cha maji, kisichochanganyika na vya nyumbani. Maji nayasisitiza, maana kiangazi cha huku kwetu ni kirefu na kikali, na sote tunaijua habari ya yule aliyesamehewa na Allah (s.w.t.) kwa kumnywesha mbwa aliyekuwa akilamba udongo kwa kiu. Nchi yetu pia ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008. Kumfunga mnyama kamba fupi juani kutwa nzima ni dhulma kwa dini na ni kosa kwa sheria hiyo.

Akilamba chombo, Mashafii huosha mara saba, moja wapo kwa udongo. Hiyo ni twahara. Lakini wapo wanaodhani wakishaosha hivyo wamemaliza kila kitu. Kichaa cha mbwa hakiji kwa sahani. Virusi vyake vimo katika mate ya mnyama mgonjwa, na huingia kwa kuumwa, kukwaruzwa, au mate kugusa kidonda. Vikishaingia hupanda kwenye mishipa ya fahamu kuelekea ubongoni. Mara nyingi dalili huonekana baada ya miezi miwili au mitatu, wakati kidonda kimeshapona na watu wamesahau. Zikishaonekana, tiba hakuna, na karibu kila mgonjwa hufa. Shirika la Afya Duniani linakadiria vifo 59,000 kwa mwaka duniani, na katika kila watu mia waliokufa, hadi 99 waliambukizwa na mbwa. Watoto ndio huumwa sana, kwa kuwa ndio wachezao naye.

Kwa hiyo mpeleke kwa daktari wa mifugo akiwa na miezi mitatu, kisha kila mwaka, na utunze kadi yake. Wakichanjwa mbwa 70 katika kila mia wa eneo, ugonjwa hukosa njia ya kupita. Waislamu wenzetu wa Pemba wameyaona haya. Chanjo za mbwa kisiwani kote ziliutokomeza ugonjwa mwaka 2014. Kampeni ziliposita, ukaingia tena mwaka 2016 kutoka nje ya kisiwa, na haukuondoka hadi walipochanja upya. Nao ni kisiwa ambacho karibu wakazi wote ni Waislamu, wenye mbwa ni wachache.

Mtoto akiumwa, hata na mbwa wa nyumbani, osha kidonda papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Usipake pilipili, mafuta wala dawa ya majani. Kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo, na umalize sindano zote kwa tarehe utakazopangiwa, hata kama maumivu yameisha. Mbwa usimuue kwa hasira. Mfungie ikiwezekana na umwite bwana mifugo amchunguze kwa siku kumi, lakini sindano za mtoto zisingoje siku hizo.

Limebaki la Idi ya kuchinja, nalo hatulizungumzi. Maini na mapafu yenye vifuko vya maji hutupiwa mbwa kwa kuwa hayaliki. Ndani ya vifuko hivyo mna vimelea vya minyoo ya tegu. Mbwa akivila, tegu hukua tumboni mwake, na mayai hutoka na kinyesi hadi uani. Mtoto akiyameza kwa mikono michafu, vifuko kama vile hukua polepole katika ini lake kwa miaka, na huenda akahitaji upasuaji. Basi maini na mapafu hayo yachomwe moto au yazikwe shimo refu mbwa asilolifukua, na mbwa wako apewe dawa ya minyoo kwa ratiba ya daktari wa mifugo.