Je, Wajua? Kadi ya Gemu Inavyochora Ramani

Je, wajua kwamba wazo la kuiachia kompyuta kazi ya ramani lina mizizi Kenya? Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Roger Tomlinson, akiwa na kampuni moja ya Kanada, alitafuta maeneo ya kupanda miti nchini Kenya. Kulinganisha ramani zote kwa mkono kulikuwa ghali mno, akageukia kompyuta. Leo anaitwa baba wa GIS, mifumo ya taarifa za kijiografia.

Je, wajua kwamba kadi ya grafiki iliingia kwenye GIS kupitia gemu? Nvidia ilitoa GeForce 256 mwaka 1999 ili magari na majoka yaende kasi kwenye skrini. Mwaka 2007 ikatoa mfumo wa programu wa CUDA, na kuanzia hapo kadi ikaweza kupewa hesabu yoyote, hata ya ramani.

Je, wajua ni kwa nini milima inaipenda kadi hiyo? Februari 2000, chombo cha anga Endeavour kilipima kwa rada, kwa siku 11, miinuko ya takriban asilimia 80 ya nchi kavu. Faili la vipimo hivyo lenye kilele cha Kibo, mlimani Kilimanjaro, linaitwa S04E037. Lina nukta 3,601 kwa 3,601, karibu milioni 13. Kupata mteremko, kila nukta hulinganishwa na majirani zake wanane, wala haisubiri jibu la nukta nyingine. Prosesa ya kawaida ina viini vichache, hivyo nukta hupanga foleni. Kadi ya RTX 4090 ina viini 16,384.

Na data hizo, zenye nukta kila mita 30 hivi, zilipofunguliwa kwa umma mwaka 2014, Afrika ndiyo iliyotangulia.

Je, wajua kwamba nyumba za Dar es Salaam zinaweza kutikisika zaidi kwenye ramani kuliko za Nairobi? Kadi za gemu hupata kasi yake kwa namba za biti 32, ambazo tarakimu zake za kuaminika ni kama saba tu. Ramani nyingi za mtandaoni huhesabu mita kuanzia mstari wa Greenwich; Dar iko kwenye mita 4,370,000 hivi, Nairobi 4,100,000. Mpaka uko kwenye 4,194,304, yaani 2 kwa kipeo cha 22. Ukiuvuka, namba hizo haziwezi tena kutenganisha nukta zilizo karibu kuliko nusu mita; kabla yake ni robo mita. Ukivuta ramani karibu sana, kuta zinaruka. Waandaaji makini wa programu hukwepa tatizo hili kwa kuhesabu kutoka katikati ya kipande kinachoonekana, namba zikabaki ndogo.

Je, wajua kwamba si kila kazi inafaidika? Kukata mipaka ya viwanja vyenye maumbo tofauti huisumbua kadi, kwa sababu viini vyake hufanya kazi kwa makundi na hupenda hatua zinazofanana. Faili dogo nalo hupoteza muda mwingi njiani, likisafirishwa kutoka kumbukumbu ya kompyuta hadi ya kadi.

QGIS, programu ya bure ya GIS, inaweza kutumia OpenCL, ambayo kama CUDA huipa kadi hesabu, na si lazima kadi iwe ya Nvidia. Kabla hujatoa pesa dukani kununua kadi, washa OpenCL kwenye mipangilio ya QGIS, kokotoa mteremko wa eneo lako, kisha izime urudie. Linganisha muda, ndipo uamue.