Kamera ya Plastiki na Kumbukumbu za Nyumbani

Wengi hudhani kuwa picha nzuri sharti itoke katika kamera ya bei kubwa. Sivyo. Kamera ya Holga, iliyoanza kutengenezwa Hong Kong mwanzoni mwa miaka ya 1980, karibu yote ni ya plastiki. Umbali huchaguliwa kwa alama tu, kama vile mtu mmoja, kundi la watu, au mlima.

Filamu yake ya namba 120 hutoa picha 12 za mraba. Uchache huo ndio utamu wenyewe: mpigaji hutazama, hufikiri, ndipo hubonyeza. Pembe zikififia au mwanga ukipenya, picha haikuharibika. Imepata sura yake.

Mjini Mbarara, marehemu Musa Katuramu, mwalimu na seremala, aliwapiga picha jamaa, marafiki na wanafunzi wake katika karne iliyopita. Nega zake zilitunzwa na familia, na leo vizazi vipya vinawaona wazee wao.

Katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, jambo hili lina uzito zaidi. Aliyekimbia usiku huenda hakubeba picha hata moja ya wazazi wake. Mwanawe asirithi pengo hilo. Simu ikipotea, picha nazo huweza kupotea, nega hubaki.

Anayetaka kujaribu na azibe maungio ya kamera kwa utepe mweusi, ahifadhi filamu mbali na joto, na jua liwe mgongoni mwake. Filamu ikishasafishwa, nega ziwekwe katika bahasha kavu, yenye majina na tarehe.