Biashara ya Pingili Safi za Muhogo

Mkulima wa mahindi akijiandaa kwa msimu hupita duka la pembejeo, akanunua mfuko wa kilo 10, akaufunga nyuma ya baiskeli, na ekari yake imeshapata mbegu. Mkulima wa muhogo mwenye ekari kama hiyo, akipanda kwa nafasi ya mita moja kwa mita moja, anatafuta pingili 4,000. Huo ni mzigo wa guta au pikapu. Unatakiwa ukatwe siku za kupanda zikikaribia, ukikaa juani unakauka, na jirani anao shambani kwake anaugawa bure. Anayetaka kuuza pingili safi anashindana na hiyo bure ya jirani, na hapo ndipo sayansi ya zao hili, ambayo imekwenda mbali kuliko wengi wanavyodhani, inapokwama.

Pingili inarithi kila kitu cha shina ilikokatwa, magonjwa yakiwemo. Mawili ndiyo yanayowatia hasara wakulima wa Afrika Mashariki: batobato na michirizi ya kahawia. Yote mawili ni ya virusi, na yote mawili husambazwa na nzi weupe. Batobato mkulima anaiona, kwa kuwa majani hujikunja na kupata mabaka ya njano. Michirizi ni ya hila zaidi. Shamba linaweza kuonekana la kijani na lenye afya mpaka siku ya kuvuna, halafu kisu kinakutana na nyama ngumu ya kahawia ndani ya muhogo. Mnunuzi akikata mihogo mitatu ya namna hiyo mzigo mzima unakataliwa, na gharama ya palizi na miezi 12 ya kusubiri haina wa kuilipa.

Utafiti wa maradhi haya una mizizi hapahapa. Kituo cha Amani, milimani Usambara, kilianzishwa na Wajerumani mwaka 1902, na baadaye chini ya Waingereza alifanya kazi hapo H. H. Storey, aliyeuandika ugonjwa wa michirizi kwa mara ya kwanza mwaka 1936. Mwaka uliofuata ulianza mpango wa kupandisha muhogo na jamaa zake wa porini, akiwemo mti wa mpira wa Ceará, uleule ambao watu wa Pwani wanaupenda kwa kisamvu chake. Kati ya machotara wa Amani, mmoja uliopewa namba 46106/27 bado unalimwa: kusini mwa Tanzania unaitwa Namikonga, pwani ya Kenya unaitwa Kaleso. Mbegu za chotara mwingine, 5318/34, zilipelekwa Nigeria katika miaka ya 1950, huko ukachaguliwa mmea wa 58308, na kutoka uzao wake Taasisi ya Kimataifa ya Kilimo cha Tropiki (IITA) pale Ibadan ikapata kinga dhidi ya batobato iliyoenea karibu bara zima. Nauweka wazi urithi huu kwa sababu huzungumzwa mara chache mno tunapojadili bajeti za utafiti wetu wenyewe.

Kwa miongo mingi michirizi iliaminika kuwa tatizo la ukanda wa chini wa pwani. Mwaka 2004 ikaonekana Uganda, kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,000, kisha ikaenea Kanda ya Ziwa, magharibi mwa Kenya, Rwanda, Burundi na mashariki mwa Kongo. Uganda ilikuwa imetoka tu kwenye msiba wa batobato kali ya miaka ya 1990, iliyoifuta aina ya Ebwanateraka iliyokuwa ikipendwa Teso na kuleta njaa. Tanzania nayo iliipa Kanda ya Ziwa aina ya Mkombozi, yenye kuihimili batobato vizuri, lakini mbele ya michirizi ikawa dhaifu. Upande wa Pwani kuna Kiroba, ambayo wakulima waliichagua wenyewe kwa kuwa mihogo yake haiharibiki sana hata mmea ukiwa na ugonjwa. Faida hiyo ina bei yake: mmea unaoumwa bila kuonekana hukatwa pingili, hugawiwa, na virusi vinasafiri nazo kijiji hadi kijiji.

Katika muongo uliopita nchi tano, yaani Tanzania, Kenya, Uganda, Malawi na Msumbiji, zilibadilishana aina zao bora, kila moja ikitoa tano. Mimea ilisafishwa virusi maabara ikavuka mipaka ikiwa kwenye chupa. Kwa mtu wa biashara hilo ni jambo kubwa, maana aina nzuri haikai tena nyuma ya mpaka mmoja.

Kuna ugunduzi mmoja ambao ningependa kila ofisa biashara wa wilaya aufahamu. Virusi vya michirizi havidumu ndani ya nzi mweupe. Baada ya siku moja au mbili huwa amevipoteza. Kwa hiyo mdudu hausafirishi ugonjwa mbali. Anayeupeleka mbali ni binadamu mwenye mzigo wa pingili. Maana yake kibiashara ni kwamba pingili safi hubaki na thamani misimu kadhaa iwapo majirani nao wamepanda safi. Watafiti walilijaribu hilo Chato na Mkuranga: wanakijiji wakakubaliana kung'oa muhogo wa zamani na kupanda mpya kwa pamoja. Katika sehemu zote mbili kiwango cha ugonjwa kilishuka.

Mfumo wa mbegu uliojengwa Tanzania unapanda ngazi kwa ngazi. Taasisi ya Utafiti wa Kilimo (TARI) huzalisha mbegu za awali, wazalishaji wachache huzikuza kuwa za msingi, na vijijini wapo wajasiriamali wanaouza zilizothibitishwa au za daraja la kuazimiwa. Taasisi ya Udhibiti wa Ubora wa Mbegu (TOSCI) hukagua, na imewaidhinisha wakaguzi wa wilaya ili mzalishaji wa Kigoma asimsubiri mtu wa makao makuu. Shirika la MEDA, pamoja na TARI na IITA, limewafundisha wajasiriamali hawa kuweka hesabu na kutafuta wateja. Programu ya simu ya Nuru, inayotumika hata pasipo intaneti, inamsaidia mkulima kutambua ugonjwa kwa kuelekeza kamera kwenye jani.

Hesabu ya mjasiriamali ina sura mbili. Shamba moja linampa pingili na pia mihogo, hivyo msimu wa pingili ukidoda anabaki na chakula cha kuuza. Lakini ekari moja hutoa pingili za takriban ekari 10 tu, na ni baada ya mwaka mzima, wakati ekari ya mahindi hutoa mbegu za makumi ya ekari. Ndiyo sababu njia mpya ya kukuza miche ndani ya visanduku vya plastiki, iliyobuniwa Argentina, imepokelewa kwa hamu: kipande chenye jani moja kinakuwa mche, mche unakatwakatwa tena, na idadi inaongezeka haraka kuliko ya chupa za maabara.

Kasi hiyo ni ya ngazi ya juu, na mimi naona tatizo liko ngazi ya chini. Mteja mkubwa wa wajasiriamali wengi amekuwa mradi, shirika au halmashauri inayonunua kwa wingi na kugawa bure. Oda ya namna hiyo inafurahisha ikija. Mwaka isipokuja, mashina yanasimama shambani hayana mnunuzi, na mwanakijiji aliyezoea kupewa haoni sababu ya kutoa fedha. Ugawaji wa bure una haki yake baada ya ukame au mlipuko wa ugonjwa. Nje ya hapo unaliua soko ambalo fedha nyingi za umma zimetumika kulijenga.

Mwenye uwezo wa kulitengeneza soko hili ni mnunuzi wa muhogo wenyewe. Muhogo ukishang'olewa huanza kuharibika ndani ya siku mbili tatu, kwa hiyo kiwanda cha wanga au unga kinategemea mashamba ya jirani yake. Tangu Tanzania na China zisaini makubaliano ya muhogo mkavu mwaka 2017, maswali ya uhakika wa tani na ubora yamezidi. Wakulima wengi huvuna chini ya tani 10 kwa hekta, ilhali aina bora zikitunzwa hufikia 20 na kuzidi. Kiwanda kinachosota nusu ya mwaka bila malighafi kinapoteza zaidi ya gharama ya pingili.

Basi mikataba iandikwe hivi: kiwanda kinunue pingili zenye lebo ya TOSCI kwa mjasiriamali wa kata, kiwakopeshe wakulima wa kijiji kizima katika msimu mmoja, na kikate deni wakati wa kupima mihogo. Sharti la kijiji kizima lisilegezwe, kwa sababu shamba moja la zamani lililoachwa katikati linatosha kuwalisha virusi nzi weupe wa mashamba yote yaliyolizunguka.