Ratchet & Clank (mchezo wa 2002)

Ratchet & Clank ni mchezo wa video wa majukwaa uliotengenezwa na kampuni ya Insomniac Games ya Marekani na kutolewa na Sony mwaka 2002 kwa ajili ya mashine ya PlayStation 2. Mchezaji humwongoza Ratchet, fundi mwenye masikio marefu kutoka sayari ya Veldin, aliyembeba mgongoni roboti mdogo aitwaye Clank. Wawili hao husafiri kwa chombo cha anga ili kumzuia Mwenyekiti Drek, anayemega vipande vya sayari za wengine apate kuunda sayari mpya.

Fedha ya mchezo huu ni bolti. Ratchet huzipata kwa kuvunja masanduku na maadui kwa spana yake, nazo zimejaa kila mahali. Zilizofichwa ni bolti za dhahabu, ambazo ni 40 tu. Nne kati yake, pamoja na bolti nyingi za kawaida, hununua silaha moja ya dhahabu, yenye nguvu kuliko ile ya kawaida. Hadithi inaweza kumalizika bila kuokota hata moja, na wachezaji wenye haraka huzipita.

Vifaa

Vifaa ni tofauti na silaha: kazi yake ni kufungua njia. Swingshot hurusha ndoano hadi kwenye shabaha inayoelea hewani, na Ratchet akapembea kuvuka shimo. Magneboots ni viatu vya sumaku vya kutembelea njia za chuma, hata ubavuni mwa ukuta. Trespasser hufungua milango baada ya mchezaji kupanga vizuri miale ya mwanga.

Kinachofikirisha zaidi ni Hydrodisplacer. Hufyonza maji ya bwawa moja na kuyamwaga katika jingine. Bwawa likikauka, mlango uliokuwa chini ya maji huonekana. Likijaa, Ratchet huelea hadi kwenye ukingo asioweza kuurukia. Kwa hiyo mchezaji ajiulize kwanza maji yanahitajika wapi, ndipo afyonze.

Kutafuta bolti za dhahabu

Baadhi ya bolti hazifikiki mchezaji anapoingia katika sayari kwa mara ya kwanza, kwa kuwa kifaa kinachohitajika hupatikana mbele ya safari. Chombo cha anga humruhusu kurudi. Inafaa akumbuke kila alipokwama: shabaha isiyofikika, mlango usiofunguka, bwawa lisilo na kazi inayoeleweka. Baadaye hupatikana Map-O-Matic, kifaa kinachoonyesha maeneo ya siri kwenye ramani. Ni msaada mkubwa, ingawa kuitegemea tangu mwanzo hupunguza utamu wa kutafuta.

Kuhifadhi mchezo

Utafutaji wa namna hii huchukua siku nyingi, na PlayStation 2 huhifadhi maendeleo kwenye memori kadi. Bila kadi, mashine ikizimwa au umeme ukikatika, bolti zote zilizopatikana hupotea. Ndiyo sababu mchezo huu hauendani vizuri na vibanda vya gemu vya miji kama Tanga, ambako mtu hulipia muda au mechi na mpira wa miguu ndio unaotawala. Anayecheza kibandani aje na kadi yake mwenyewe.

Matoleo ya baadaye

Toleo la pili, la mwaka 2003, lilikuwa na bolti 40 za platini. Mchezo wa kwanza uliundwa upya mwaka 2016 kwa ajili ya PlayStation 4, safari hii ukiwa na bolti 28 za dhahabu.