Ziwa Lisipinde: Kuchagua Lenzi za Anamofiki Mwanza

Usiku wa giza, mwezi ukiwa haujachomoza, taa za wavuvi wa dagaa hutapakaa juu ya Ziwa Victoria hadi macho yanapokoma. Mwongozaji wa filamu akisimama pale Mto Mirongo unapomwaga maji yake ziwani, jijini Mwanza, ataona mara moja kwamba mandhari hiyo inadai picha pana. Wazo la kwanza huwa ni kukodi lenzi za anamofiki, zile zilizoipa sinema skrini yake ndefu. Lakini kabla ya kutia saini mkataba inafaa ajue analipia nini hasa, maana upana wenyewe unapatikana kwa bei nafuu zaidi.

Lenzi ya kawaida hukuza au hupunguza picha kwa kiwango kilekile pande zote. Anamofiki ina vioo vya umbo la silinda, na silinda hufanya kazi upande mmoja tu. Weka glasi iliyojaa maji mbele ya gazeti: herufi zitatanuka kwa upana, kimo chake kisibadilike. Ndani ya lenzi, vioo hivyo hupangwa ili kubana upana mara 2. Kwenye mkanda wa milimita 35 watu hutoka wembamba, kisha projekta, au siku hizi kompyuta, huwarudishia unene wao. Fremu yenye uwiano wa karibu 1.2 kwa 1 ikishatanuliwa huwa skrini ya 2.39 kwa 1.

Mfaransa Henri Chrétien, mtaalamu wa elimu ya nyota, ndiye aliyeunda lenzi ya namna hiyo kwa ajili ya sinema katika miaka ya 1920, akaiita Hypergonar. Mwaka 1953 kampuni ya Twentieth Century-Fox ikautumia ujuzi wake kutoa The Robe, filamu ya kwanza ya mfumo wa CinemaScope. Mfumo huo haukuchelewa kufika Afrika Mashariki: Safari (1956) na The Lion (1962) zilipigwa Kenya. India nako, Guru Dutt alitoa Kaagaz Ke Phool mwaka 1959.

Lenzi za mwanzo zilikuwa na kasoro. Mwigizaji akisogelewa, nguvu ya kubana ilipungua, na projekta ilipomtanua mara 2 uso ulionekana umevimba. Hollywood waliiita kasoro hiyo matubwitubwi. Kampuni ya Panavision iliitibu kwa vioo vya silinda vinavyozunguka kadiri fokasi inavyosogezwa. Hadi leo kampuni hiyo haiuzi lenzi zake, hukodisha tu.

Mwanza ina mtihani wake mwingine, nao ni mstari ambapo maji hukutana na mbingu. Lenzi fupi za anamofiki, za milimita 35 au 40, hupinda mistari mirefu iliyo mbali na katikati ya picha. Ukiuweka upeo wa ziwa sehemu ya juu ya fremu, unabinuka katikati. Ukiuweka chini, ncha zake zinapanda. Ukipita katikati kabisa, unanyooka. Jabali la Bismarck lililo ziwani hapo Mwanza halitakuumbua, kwani hakuna mtazamaji anayekumbuka kila pindo lake. Ziwa litakuumbua, kwa sababu kila mtu anajua maji hulala sawa. Isitoshe, anamofiki ya milimita 50 huona upana ule wa lenzi ya kawaida ya 25, kwa hiyo si lazima kukimbilia lenzi fupi kabisa.

Jua nalo lina hesabu yake. Kwa mkanda wa Kodak wa ASA 50, kamera ikienda fremu 24 kwa sekunde, jua kali hudai tundu la f/16. Anamofiki nyingi hutoa picha safi kati ya f/4 na f/5.6. Kushuka hadi f/5.6 kunahitaji filta ya kijivu inayopitisha moja ya nane tu ya mwanga, basi filta hiyo iwemo kwenye oda.

Thamani ya anamofiki hudhihirika usiku. Taa za dagaa zikiwa nje ya fokasi huwa mayai yaliyosimama wima, na taa inayoitazama lenzi moja kwa moja huchora mchirizi mrefu wa kulala, mara nyingi wa samawati. Ila giza hulazimisha tundu lifunguliwe, na lenzi kuukuu zikifunguliwa sana hulegea pembeni. Kwa sababu hiyo, omba jaribio. Elekeza lenzi kwenye balbu ndogo iliyo mbali, kisha ondoa fokasi: mayai yakiinama upande, silinda imekaa kombo. Lenga kitu cha mbali sana uone kama alama ya mwisho ya fokasi inasema kweli. Mulika vioo kwa tochi kutafuta ukungu. Uliza pia kuhusu bima, na kama siku za safari zinatozwa. Kampuni nyingi hukodisha wiki nzima kwa bei ya siku 3 au 4.

Kisha piga hesabu ya mkanda. Anamofiki ya mara 2 hutaka fremu yenye kimo cha matundu 4 ya pembeni mwa mkanda, ambayo hula futi 90 kwa dakika; roli ya futi 1,000 huisha katika dakika 11. Waitaliano wa miaka ya 1960, Sergio Leone akiwemo, walipata upana uleule kwa Techniscope: lenzi za kawaida na fremu ya matundu 2. Roli ileile ikadumu dakika 22, ingawa chembechembe za mkanda zilionekana zaidi.

Kwa hiyo skripti ndiyo iamue. Kama matukio mengi ni ya mchana, upeo wa maji ukiwa nyuma ya waigizaji, kodi lenzi za kawaida na kamera ya matundu 2. Ziwa litanyooka na mkanda utatumika nusu. Kama hadithi inaishi usiku katikati ya taa, lipia anamofiki, lakini chukua 2 zilizopimwa, ya 50 na ya 100, badala ya seti nzima.