Mnada wa serikali: bei ya nyundo siyo bei ya mzigo



Wiki hii watu watatu wamenitumia klipu ile ile inboksi. Jamaa Marekani kanunua mnadani mkono wa roboti wa kiwandani, mwengine kanunua gari la jeshi, kwa bei ya kutupa. Swali ni moja: "Dada, na sie huku Unguja tunaweza?"

Minada huku ipo, na mtu mwenye mtaji mdogo anaweza kupata kitu. Lakini mie mnada ulishanila, kwa hiyo someni mpaka mwisho kabla hamjatoa pesa ya upatu.

Kilichonipata

Niliona tangazo la ofisi moja inauza vifaa chakavu. Kulikuwa na kompresa kubwa ya hewa. Nikaitazama kwa mbali, rangi nzuri, nikapanda bei mpaka 380,000. Wenzangu wakanyamaza. Nikajiona mjanja.

Kirikuu kuileta Mlandege 40,000. Fundi kuja kuiangalia 25,000. Fundi akacheka: mota ni ya umeme wa fezi tatu, na pale kwangu umeme ni wa kawaida wa nyumbani. Isitoshe, kisanduku chake cha kuwashia kilishachomolewa zamani. Niliposti wiki sita, hakuna aliyeuliza zaidi ya mara moja. Mwisho nikaiuza kwa wanunuzi wa chuma chakavu kwa 150,000. Piga hesabu: nilitoa 445,000, nikarudisha 150,000. Hasara 295,000, na pesa yenyewe ilikuwa ya upatu, zamu yangu ya mwaka mzima.

Wale waliokaa kimya siku ile walikuwa wameshaikagua. Mie peke yangu sikukagua.

Roboti nayo ni hivyo hivyo

Viwanda vya magari vikibadilisha mtambo, mikono ya roboti ya zamani huuzwa rahisi. Lakini ule mkono peke yake ni chuma. Unahitaji kabati lake la umeme linaloiongoza, kibao cha mkononi cha kuipa amri, nyaya zake na programu yake. Kikikosekana kimoja, umenunua kompresa yangu. Nyingi zinataka umeme wa fezi tatu, na zile kubwa zina uzito wa mamia ya kilo. Jiulize: mteja wako wa Jang'ombe au Fuoni ataifanyia nini?

Vitu vya jeshi: usiguse

Kweli jeshi la Marekani lilianza kuuza magari ya Humvee kwa mnada wa mtandaoni mwaka 2014. Ila mnunuzi hujaza hati ya kueleza nani atalitumia na kwa kazi gani, na kulitoa nje ya nchi kuna vibali vyake.

Huku kwetu mambo ni makali zaidi. Agosti 2023 JWTZ lilitoa siku 7 kwa raia wenye sare za jeshi, au nguo zinazofanana nazo, wazisalimishe. Kwa hiyo wewe unayefungua robota la mitumba ukakuta suruali ya mabakamabaka, usiipigie picha ukaiweka statasi eti "mali mpya imeingia". Faida ya elfu kumi na tano haifai kukupeleka kituoni.

Redio za mawasiliano za mkononi zina utaratibu wa leseni TCRA. Droni zina vibali, uliza TCAA. Kitu usichoweza kumwonyesha askari karatasi yake, usikitangaze.

Minada yetu ni ipi?

Ya kwanza ni ya mali chakavu za taasisi za serikali: magari, viti, makabati, kompyuta, majenereta. Zanzibar ina Sheria Na. 11 ya 2016 ya ununuzi na uondoaji wa mali za umma, ndiyo inayosimamia mambo haya.

Ya pili ni ya forodha. Kwa sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, mzigo ukikaa siku 21 bila kushughulikiwa unaweza kupelekwa ghala la forodha. Usipotolewa, hutolewa tangazo la siku 30, kisha unaweza kupigwa mnada. Na hilo likukumbushe na wewe unayeagiza China na Dubai: usiache mzigo wako ukawa wa mnada wa mwenzio.

Kabla hujanyanyua mkono

1. Soma tangazo lote. Mara nyingi utakuta maneno "vitauzwa kama vilivyo, mahali vilipo". Maana yake ukishanunua hurudishi, hata kama ndani hamna injini.

2. Nenda siku ya ukaguzi, na nenda na fundi. Pale diko la Malindi hakuna anayepanda bei ya samaki bila kufunua mashavu. Na wewe funua. Kompyuta ina hadi diski? Jenereta linawaka? Friji lina mota?

3. Uliza masharti ya malipo. Kwenye minada mingi unalipa asilimia 25 papo hapo, na iliyobaki ndani ya siku 14. Ukishindwa, amana inaweza kupotea. Usipande bei kwa pesa ambayo bado iko mfukoni kwa mteja.

4. Andika bei yako ya mwisho kwenye karatasi kabla hujaingia. Anza na bei utakayouza, toa usafiri, toa fundi, toa faida yako. Kinachobaki ndiyo mwisho wako. Ikipita hapo, kaa chini.

5. Lipa kwa namba ya malipo ya serikali tu, ile tunayoita kontroo namba. Mtu akikwambia "kuna gari la mnada wa bandari, tuma laki mbili nikushikie" kwenye namba yake ya simu, huyo ni tapeli. Gari la mnada halishikiwi mtu.

6. Tunza risiti na hati ya kuuziwa. Mteja akiuliza umekipata wapi, unamtumia picha. Ukisafirisha kwenda Dar ukaulizwa bandarini, unayo.

Mara ya pili

Nilikaa karibu mwaka ndipo nikarudi. Safari hii nikachukua fungu la viti 24 vya ofisi kwa 240,000, baada ya kukalia kimoja kimoja. 18 vilikuwa vizima, 6 nikavitoa vipuri. Usafiri 50,000, fundi na kitambaa 36,000. Niliuza 18 kwa 25,000 kila kimoja, nikapata 450,000. Faida 124,000. Haijalipa hata nusu ya hasara ya kompresa, lakini viti vile viliisha kwa siku tisa, maana kila mwenye duka anahitaji kiti.

Na kwenye posti nilisema ukweli: vimetumika, ni vya mnada, mkwaruzo upo hapa na hapa. Hakuna aliyenirudishia hata kimoja.

Kwa hiyo mwenzangu, klipu ya roboti itazame ufurahi. Pesa yako ipeleke kwenye kitu ambacho umekikagua kwa mkono wako, na mteja wake unamjua kwa jina.

Umewahi kununua mnadani? Ulipata au ulikosa? Andika hapo chini tufaidike sote. Na mtumie posti hii yule rafiki yako anayependa vya bei chee.